4K na rozari ya marehemu baba

Wakuu, jambo yenu bote. Niko Bel-Air, Lubumbashi, Swahili yangu ya huku mutaivumilia. Hii ilipita kwetu salon, pale sebuleni, macho yangu yakiona. Siongezi chumvi.

Mimi nilikuwa ule muntu wa kusema 4K, ile picha ya tele yenye vinukta vingi sana, ni kelele ya bachuuzi. Tele ni tele!

Shemeji yangu Fidèle, fundi wa tele, akaleta yake ya 4K, kubwa kabisa. Tukafungulia mpira kwa décodeur, kile king'amuzi cha chaneli. Nikasogea karibu na kioo. Hakuna tofauti! Nilimucheka mpaka machozi.

Akasema tu, "Shemeji, ngoja. Picha yenyewe inafika ikiwa ndogo."

Sasa, kwetu kulikuwa maneno mengine. Dada yangu Mado aliolewa Kilwa, ile ya huku Katanga, wakati ya mvua. Barabara ilikuwa matope matupu, mama hakufika. Alimutumia rozari ya marehemu baba, ile alishika miaka yote ya kazi ya reli, Mado aivae siku ya ndoa.

Video ikafika kwa simu. Tukaona mukono, maua, basi. Rozari hakuna.

Mado aliapa alikuwa nayo. Mama akajibu, "Macho yangu haijazeeka." Miezi tatu hakupokea simu yake. Na mama yetu akinuna, wakuu, hata bukari, ugali wetu, haipiti kwa koo.

Fidèle akamuandikia mwenye kupiga video, akatumiwa ile yenyewe ya 4K, haijapunguzwa kama ya simu, kwa clé USB, kwa mukono ya msafiri. Jumapili, kisha misa, akaichomeka kwa ile tele yake.

Yesu wangu! Niliona jasho kwa pua ya padri. Niliona mushono wa kitenge ya shangazi.

Mado akainua maua. Mama akasimama, akaenda kuweka kidole kwa kioo.

"Iko hapa."

Rozari ilizunguka kifundo ya mukono, nyuma ya maua. Hata ile shanga baba alifunga na waya ya shaba ilionekana.

"Nilimuonea mutoto wangu bure," mama akalia. Akaomba simu.

Fidèle alikuwa na haki ya kunicheka. Akamupa mama simu kwanza, akaacha.

Somo langu: tofauti iko, tena ya kushangaza, lakini video yenyewe ikuwe 4K, tele ikuwe kubwa, na ukae karibu. Kwa mpira wa décodeur yetu, utatupa falanga bure. Mwenye kubisha, uwanja ni wake.

Mama, yeye, anasimamisha picha kwa tele ya Fidèle, pale kwa kifundo, kila Jumapili, anamupigia Mado: "Mwanangu, niko nakuona."

Na kwenu, tele ilishaonyesha nini simu ilificha?