Karibuni Kura

Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni. Bibi kaingia chumbani kwangu kutafuta ungo, akaikuta karatasi yangu ukutani. Ina mambo kumi na manne ya kurekebisha mwilini na mdomoni, maana kesho ni zamu yangu kusoma matangazo mstarini, mbele ya shule nzima. La kwanza: kuongeza sauti. La tisa: kucheka bila kuonyesha ufizi. La kumi na nne: kutochanganya r na l. Nikiogopa, Kinyamwezi cha nyumbani hunitoka chenyewe.

"Mke mwenzangu, hii orodha ni ya harusi ya nani?"

Nikamsomea. Nikamwambia kesho siendi, tumbo litaniuma.

"Tumbo la kesho umelijuaje leo?" Akakaa kitandani, ungo mapajani.

"Nami nakumbuka siku walipokuja washenga wa babu yako. Wasichana wa mjini walikuwa wananicheka nikisema 'habali'. Basi mwezi mzima nikawa nafukuza l mdomoni. Nikazifukuza zote, mwanangu, hata zisizo na kosa! Chakula kikatengwa, nikapiga magoti kwa madaha: 'Karibuni kura!'

"Mshenga akatazama huku na huku. 'Binti, wagombea ni nani?'

"Nikamjibu, 'Ni wari na kuku.'

"Mzee mmoja alipaliwa na maji. Nikakimbilia jikoni kulia. Nyanya yangu akanifuata, akasema, 'Ulikuwa na kosa moja. Umelitengeneza, sasa unayo mawili. Utaishia wapi?'"

"Na babu je?"

"Aliposimuliwa, akasema yeye kura yake ameshapiga."

Tulicheka hadi ungo ukaanguka. Kisha akanishika kidevu.

"Sikia, mwanangu. Kujifunza jifunze, ila usijifukuze. Mwacha asili ni mtumwa, na wewe umejiandikia kazi kumi na nne! Kesho nenda na sauti hiyo hiyo. Anayetaka kusikia atanyamaza. Mungu akulinde na midomo ya watu, na wa kwako akuachie kama alivyouumba."

Akabandua karatasi, akaenda nayo jikoni kuwashia moto.

Alhamisi asubuhi tumbo halikuuma. Nimesoma kwa sauti yangu ndogo. Wa nyuma wakasogea mbele. Tangazo la tatu nikatamka, "Vyoo vya wasichana vitalekebishwa." Shule nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nao, ufizi wote nje, kisha nikasoma la nne.