Mshubiri wa Kaunta

Juzi nilipanga foleni katika ofisi ya ushirika pale Utemini, Singida. Juu ya kaunta karani ameotesha mshubiri ndani ya kopo la samli, na kwenye maungio ya majani walijazana wadudu weupe kama vipande vya pamba.

"Wadudu hawa wananimalizia majani," karani alilalamika. "Juzi niliacha jani nene hapa, leo kimebaki kisiki!" Akainama, akaibuka na chupa ya sumu ya kuulia wadudu wa pamba.

"Usitie hiyo, mwanangu!" akapaza sauti mama mmoja wa Mwankoko. "Kuku wangu watakufa!"

"Na wangu!" wakadakia wengine nyuma yake.

Chupa ikabaki hewani. "Kuku wenu wanahusikaje na mshubiri wangu?"

Mzee mmoja akaanza kukagua dari. Nani Singida hajui kwamba ugonjwa wa kideri ukiingia, kuku hukatiwa jani la mshubiri kwenye maji ya kunywa?

Karani akacheka mpaka akaketi. Yule mama akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha sabuni. "Lete maji, baba. Tutawafuta." Foleni ikavunjika, kila mtu akashika jani lake na kusugua.

Tulipomaliza, karani alilisogeza kopo upande wetu. "Mama, atakayekata jani afute wadudu kwanza."

Hotuba za shamba la ushirika nimesikia nyingi. Hili la kwenye kopo ndilo la kwanza nililoona likihudumiwa bila kupigiwa ngoma.