Nguzo za Zizi la Mbuzi

Baba alikuwa fundi wa mbao maisha yake yote, na mimi ni fundi wa mbao, lakini tangu nitoke nyumbani hatukuwahi kushika kazi moja pamoja. Yeye alibaki Migwani akitengeneza milango na vitanda. Mimi nilishukia Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, ambako wenye nyumba za wageni hupenda vitu ambavyo baba asingevifikiria. Kimojawapo ni deki, yaani sakafu ya mbao iliyoinuliwa nje ya nyumba, ili mgeni akae na soda yake akitazama malori. Nimejenga nyingi. Ndiyo maana magoti ya baba yalipoisha, sikuona sababu ya kumuuliza mtu yeyote kitu chochote.

Nyumba ya baba iko kwenye mteremko. Kutoka mlango wa nyuma unashuka ngazi tano, halafu ndipo shamba linaanza. Mahali palipo sawa alitembea vizuri na mkongojo wake, ila ngazi zilimshinda. Dada yangu, anayeishi naye, alipendekeza majirani wawe wanambeba asubuhi na kumrudisha jioni. Baba akasema yeye si gunia la mahindi. Basi akakaa ndani. Dirisha la chumba chake linatazama tangi la maji, na mtu aliyelima shamba hilo tangu ujana wake akawa anatazama tangi.

Wazo langu lilikuwa rahisi. Deki ingekuwa sawa na kizingiti, atoke mwenyewe bila kushuka hata ngazi moja, akae alione shamba lake.

Mbao za saipresi nilizinunua Kwa Vonza, kwa mfanyabiashara anayezileta kutoka sehemu za milimani. Saipresi ni mbao ya mtu mvivu. Ni nyepesi, imenyooka, msumari unaingia bila ubishi, na harufu yake inakufanya udhani umefanya kazi nzuri kabla hujaanza. Mkaratusi niliukataa, maana huo unaulaza jioni ukiwa umenyooka, asubuhi unaukuta umepinda. Kwa juu nilitaka mukau, mti wetu wa heshima, wenye mbao nyekundu ambazo mchwa hawazigusi. Kwetu mukau ni wa milango na vitanda vya maarusi. Kuulaza chini ukanyagwe na viatu ni jeuri kidogo, najua, na nilitaka jeuri hiyo ionekane.

Kwa hiyo mukau ukakaa juu, ambapo jirani angeuona, na saipresi ikaenda chini, ambapo hakuna mtu angeinama kuangalia. Kiboko huwa nafanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Kiboko nguzo zangu husimama juu ya saruji. Hapa nilizichimbia kwenye udongo mwekundu, nikazipaka oili chafu ya gari, nikaridhika.

Siku niliyosimamisha nguzo, kabla sijaweka mbao za juu, baba alijikongoja hadi mlangoni akasimama upande wa ndani wa kizingiti. Alinyoosha mkongojo akagonga nguzo ya karibu mara mbili.

"Saipresi," alisema.

"Ni saipresi, baba."

"Ya Kwa Vonza?"

"Ya Kwa Vonza."

"Sawa," alisema, akarudi ndani.

Kazi ilipoisha hakutoka. Siku ya kwanza magoti yalikuwa yanauma. Siku ya pili upepo ulikuwa mwingi. Nilirudi Kiboko, na kila nilipompigia dada simu aliniambia mzee bado hajatoka, leo amesema ni jua. Nilikasirika. Niliamua kwamba ni wivu wa fundi mzee kumwona mwanawe amemzidi, na nilipoenda nyumbani nilikaa sebuleni, nikanywa chai, nikaondoka. Msimu ukapita hivyo.

Dada ndiye aliyeipatia deki kazi. Alipovuna mbaazi alizianika juu yake, kwa sababu hakuna mahali pengine safi na sawa kwenye mteremko ule. Alipopanda na gunia la tatu, kona moja ikazama. Yeye alichubuka mguu tu. Nilikuja Jumamosi, nikaing'oa nguzo, ikatoka bila kunisumbua. Nje ilikuwa na rangi yake nyeusi ya oili. Ndani kulikuwa na udongo wa mchwa. Mbao za mukau juu hazikuwa na hata mkwaruzo.

"Wee, lakini mzee alijua hii," dada alisema.

"Kama alijua angesema."

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza, na sababu ya yeye kutosema niliijua tangu utotoni. Baba alinifundisha kwamba fundi hasemi juu ya kazi ya fundi mwenzake mpaka aulizwe. Kanisa letu lilipoezekwa na fundi mwingine, baba alilitazama lile paa mara moja, na tangu siku hiyo akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Watu walidhani ni unyenyekevu. Hakuwahi kusema neno, na hakuna aliyemuuliza. Mimi kwake sikuwa tena mtoto wa kurekebishwa. Nilikuwa fundi, na aliniheshimu hivyo, huku mimi nikimhesabia wivu.

Kuuliza si ujinga, watu husema, lakini mimi nilimaliza kikombe kizima cha chai kabla ya kuingia chumbani kwake.

"Baba, hizo nguzo za nje, wewe ungeweka mti gani?"

Hakungoja nimalize kukaa. "Muuku. Ziko sita kwa zizi la mbuzi. Toa hizo, zikuje na udongo yake nione."

Mbuzi waliuzwa zamani, na zizi lilikuwa limebaki nguzo zake tu, za muuku, mti wa kwetu mgumu usioliwa na mchwa, hatua chache kutoka pale nilipokuwa nikipaka oili. Zilikuwa ardhini tangu kabla mimi sijaanza shule. Nilizichimbua nikamletea moja mlangoni. Alikwangua udongo kwa kucha, na chini yake mti ulikuwa mgumu na mzima. Aliniagiza nichome miguu ya nguzo kwa moto mpaka iwe myeusi, nijaze mawe kwenye mashimo, nitoboe kwanza kabla ya kupiga msumari, la sivyo nitapinda misumari yote ya Migwani. Nilifanya vyote alivyosema. Tulifanya kazi siku mbili, yeye akiwa amekaa mlangoni, na sijawahi kufanya kazi nikiwa na furaha kama ile.

Siku ya tatu alisimama, akavuka kizingiti bila kunishika mkono. Aligonga kila kona kwa mkongojo, halafu akaketi kwenye kiti alichowekewa na dada. Alitazama shamba kwa muda mrefu. Lilikuwa limebaki na vijiti vikavu.

"Mbaazi zilichanua vizuri mwaka huu?" aliuliza.

Nilimwambia zilichanua vizuri. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeangalia.