Mkunga Anachagua Gari

Mkunga huyu alikuwa na mazoea ya kugusa kabla ya kuuliza. Tumbo la mjamzito, paji la mtoto mchanga, hata parachichi sokoni: kiganja kwanza, maneno baadaye. Kwa hiyo asubuhi ile, uani kwa dalali wa magari, aliweka mkono juu ya boneti ya lile gari jeupe linalong'aa, akafumba macho.

"Lina joto," alisema.

"Jua hilo, mama," dalali akajibu upesi.

Jua lenyewe lilikuwa halijachomoza. Ukungu ulikuwa umeyafunika magari yote pale uani, na kwa kitambo mkunga aliyaona kama yamelala, yanapumua pamoja. Jeupe peke yake ndilo lililoamshwa mapema, likapashwa moto ili lisikohoe mbele ya wateja. Hakumgombeza dalali. Alimtazama tu, na dalali akaanza kufuta kioo kisichokuwa na vumbi.

Tatizo ni kwamba jeupe lilikuwa bei chee. Lile la pili, la kijani, lililokaa pembeni kama kabati la zamani, lilikuwa limeshazunguka dunia, na bado bei yake ilikausha mate.

"Hilo haliharibiki ovyo," dalali alikiri shingo upande. "Na likiharibika, fundi yeyote wa kichochoroni analijua. Spea zake zimejaa kila duka. Ndiyo maana halishuki bei."

Mume wa mkunga, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, alikuja na ndoto yake. Wakinunua jeupe, kitakachobaki kitatosha kukodi kile chumba cha barabarani chenye dirisha kubwa, aache kushona barazani huku mvua ikimlowanishia vitambaa vya watu. Alishakipima chumba hicho. Alijua hata pasi itakaa wapi.

"Mama watoto, hili jeupe lina hata kamera ya kuonyesha nyuma," alisema kwa kubembeleza.

"Nyuma napajua, baba watoto."

Alipajua kweli. Msimu wa mvua uliopita gari lake la zamani, nalo la bei chee, lilizimika katikati ya mto, mjamzito akiwa kiti cha nyuma. Maji yalipita taratibu chini ya milango. Yule mwanamke aliuliza, akauliza tena, "Tumefika?" Mkunga aligeuza ufunguo tena na tena. Mtoto alizaliwa palepale, na hakulia. Tangu siku hiyo ukimya ule ulimfuata mpaka jikoni akiosha vyombo, na ulimuuma.

Futi aliijua habari hiyo, ila kama mtu anavyojua mambo ya kuhadithiwa. Basi akafanya anachokiweza: akavua viatu, akatoa utepe, akapima. Ndani ya jeupe mtu halali nyuma mpaka akunje magoti. Kwenye la kijani viti vililazwa, naye akajilaza chali ili apime kwa mwili wake. "Enhe, hapa panatosha," alisema, na usingizi, ambao kwake haukuwahi kuhitaji kubembelezwa, ukamchukua.

Mkunga aligusa boneti ya kijani. Baridi kabisa. Akaingia, akageuza ufunguo, injini ikaitika papo hapo.

"Mwache alale," alimwambia dalali aliyepanda kando yake, akashika njia ya mtoni.

Ukungu ukawameza. Hapakuwa na miti wala kingo, ni weupe tu na mngurumo wa chini chini, na mkunga akahisi kana kwamba anaendesha ndani ya usingizi wa mumewe. Mashimo yaliyokuwa yakimtoa roho yalipita chini yake kwa upole. Maji yakaja, yakapanda hadi mlangoni, yakapigapiga, yakabaki nyuma. Gari lilitoka ng'ambo bila kukohoa, naye akalisimamisha.

Nyuma, Futi alijinyoosha. "Tumefika?" aliuliza kwa sauti nzito ya usingizi.

Mkunga aliweka kiganja juu ya dashibodi. Machozi yalimtoka, asiyafute.

"Tumefika," alisema.

Futi aliinuka, akautazama mto kupitia kioo cha nyuma, akapatambua mahali pale. Akamtazama mkewe. Kisha akautoa utepe shingoni, akaukunja taratibu, akautia mfukoni.

"Dalali," alisema, "mimi barazani nitafunga turubai. Tuuzie hili la kijani."