Mkono wa Solange

…lakini jana ndiyo tumemzika jamani, na bado siamini. Mana yanjye, Mungu wangu!

Mlioniuliza kwenye comments kama ni yule dada aliyeongoza okestra kwenye harusi yangu: ndiyo, ndiye. Solange wetu. Tulidhani ni homa tu.

Nilimjua akiwa customer care kwenye duka la simu mtaa wa Muhima. Mchana anatabasamu na wateja, jioni anapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi kanisani Kimironko kuongoza mazoezi. Kijiti chake cha kwanza cha kuongozea kilikuwa kijiti cha brochette, yaani mishkaki, alikisugua mwenyewe kwa msasa.

Siku ya kwanza mzee wa tarumbeta alimuuliza, "Petite, binti, maestro anafika saa ngapi?"

"Amefika, papa. Tarumbeta yako ndiyo bado iko kwenye boksi."

Jana mzee huyo alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Sasa niseme wivu wangu. Patrick, mume wangu (napenda kuliandika neno hili!), anapiga violini. Nilikuwa nakwenda mazoezini kumtazama yeye, na yeye anamtazama Solange. Jioni nzima! Macho hayatoki kwenye mkono wake.

Nikamwambia Solange, "Sha, dada, unamfanyia nini mtu wangu?"

Akacheka. "Mtu wako anaingia kwenye wimbo kabla ya wenzake, lazima nimchunge. Wewe utamchunga nyumbani."

Halafu harusi. Mchungaji akamuuliza Patrick kama ananikubali. Nageuka, naona anatazama okestra. Anasubiri mkono wa Solange! Solange, bila hata kushtuka, akanyanyua mkono wa kushoto, akampa ishara ya kuingia.

"NDIYO!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi ndani ya shela nilikuwa naungua kwa wivu, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Okestra kubwa ya mjini ilikuwa imemchukua awe msaidizi wa kiongozi wao. Full time! Dukani alikuwa ameshaaga. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza, jamani.

Tangu habari itufikie Patrick hajapiga hata noti moja. Wenzake wanampigia simu, hapokei. Nimembembeleza, "Chéri, nipigie mimi tu, kidogo." Anaiweka violini begani, anasubiri, kisha anairudisha kwenye boksi.

"Hakuna wa kuniingiza," anasema.

Na hata sasa naona wivu! Nampenda huyu mwanaume hadi nachanganyikiwa. Namwimbia, nampikia, namkumbatia, na bado muziki wake unangoja mkono wako, Solange, siyo wangu.

Pumzika, dada yangu mzuri. Wivu huu sijui kama utaisha, ila siwezi kuishi na Patrick aliyenyamaza. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kaburini kwako, mimi na yeye na violini. Nitakaa pembeni, sitasema neno. Nitamwacha akutazame wewe tu, hata iwe jioni nzima, mpaka aingie kwenye wimbo.