Yeshimebet na Tarehe ya Ukutani

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu alikiona kwa Yeshimebet Alamirew ni namna alivyoianza siku yake. Kabla ya kufuta vumbi, kabla hata ya kuvua mtandio, alisimama mbele ya kalenda ya kanisa iliyoning'inia ukutani mwa duka lake la kuchapa, akaweka kidole juu ya siku ya leo na kuisoma kwa sauti. Kisha aliketi mbele ya kompyuta na kuiandikia tarehe ile ile pamoja na saa. Betri ndogo ya ndani ya mashine ilikuwa imekufa zamani, na katika mji wa Debre Markos umeme hukatika unavyotaka. Kwa hiyo karibu kila asubuhi mashine iliamka kama mtu aliyezimia, haijui iko wapi wala leo ni lini, na Yeshimebet alikuwa akiielekeza taratibu, bila kuigombeza.

Alikuwa na sababu. Watu walimletea barua za ofisi ya kata, maombi ya kazi na hati za mashamba, na mashine iliweza kuweka tarehe yenyewe kwa kubonyeza mara moja. Barua yenye tarehe mbaya ilimrudisha mtu nyumbani kutoka dirisha la ofisi. Ndiyo maana Yeshimebet aliilea tarehe ile. Mashine ilipoleta siku ya thelathini na moja, ambayo haimo katika mwezi wowote wa kalenda ya ukutani, aliifuta. Na ulipofika Pagume, mwezi wa kumi na tatu wenye siku tano tu, mashine ilishindwa kabisa, kwa sababu haikuujua mwezi huo. Basi aliirudisha kila siku kwenye tarehe thelathini ya mwezi wa kumi na mbili, nayo ikangoja pale mpaka mwaka mpya, kama mgeni aliyeombwa asubiri mlangoni.

Ilikuwa siku ya pili ya Pagume, mwaka 2016, wakati antivairasi, programu ya kuikinga mashine na virusi, ilipokataa kufanya kazi.

Kwenye mashine ile kulikuwa na kitabu. Gashe Abeje, yaani Mzee Abeje, mwalimu mstaafu wa Kiingereza mwenye miaka themanini na minne, alikuwa ameandika kwa mkono habari za shule ya mji tangu ilipokuwa na darasa moja. Yeshimebet, ambaye alifundishwa naye, alikuwa ameyachapa madaftari yake kumi na moja kwa miaka miwili. Ndani yake mlikuwa na picha mia na arobaini za wanafunzi wa zamani, na kwa sababu ya picha hizo faili lilikuwa zito kuliko mtandao wa mji. Njia pekee ilikuwa kuliweka kwenye flashi na kumkabidhi Simachew, dereva wa basi dogo la Addis Ababa, aliyeondoka saa sita mchana, aifikishe kwa mpiga chapa.

Mara ya kwanza flashi ilikuwa imekwenda na kurudi. Mpiga chapa alikuwa amepiga simu akiwa amechukia. "Dada, flashi yako ina ugonjwa! Mafolda yote ya mashine yangu yamegeuka vivuli visivyofunguka. Nisafishie, ihakikishwe na antivairasi mpya, niipate leo jioni. Ikifika leo, vitabu vitakuwa tayari kabla ya Meskel. Ikichelewa, nina kazi za sikukuu, mtangoja miezi miwili."

Miezi miwili kwa mtu mwingine ni kitu kidogo. Jicho la kushoto la Gashe Abeje lilikuwa limezimika mwaka jana, na la kulia lilikuwa likizidi kujaa ukungu. Siku ya Meskel, sikukuu ya Msalaba, wanafunzi wake wangerudi nyumbani kutoka kila upande wa nchi. Alitaka kukipokea kitabu mbele yao na kuliona jalada lake kwa jicho hilo lililobaki.

Yeshimebet alikuwa ameomba toleo jipya la antivairasi kutoka kwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alipoliweka juu ya lile la zamani, alama ya kijani ikawa nyekundu. Akaiondoa programu yote, akazima mashine, akaiwasha, akaandika tarehe, akaiweka upya. Nyekundu. Akaunganisha mtandao wa simu yake, maana toleo hili lilitaka kuzungumza na watengenezaji wake kabla ya kukubali kazi. Dirisha dogo likatokea lenye namba ya kosa, naye akaiandika namba hiyo kwenye daftari. Alirudia mara tatu, na mara zote namba ilikuwa ile ile.

"Leo mashine imekununia," alisema Debritu, jirani yake, aliyekuwa akikaanga kahawa mlangoni kama kila asubuhi. "Ulimfanya nini mwenzio?"

"Debritu, niache."

"Nikuache uzeeke peke yako? Kaa, unywe kikombe cha kwanza kati ya vitatu."

Saa tatu alikuja Eyasu, fundi wa kompyuta wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, amevaa miwani ya jua ingawa mvua za mwisho zilikuwa bado hazijaondoka. Aliketi, akavuta kipanya na kutikisa kichwa.

"Etiye Yeshi," alisema, akimwita dada mkubwa, "uliiondoa vibaya. Hii kitu ina mizizi. Ukikata shina tu, mizizi inabaki na kugombana na ile mpya."

Akaing'oa kwa programu maalumu ya kuondolea masalia, akatafuta mabaki yake folda kwa folda, akazima kinga iliyokuja na mashine yenyewe ili kinga mbili zisigombane, akaiweka upya. Yeshimebet akasimama nyuma yake, mikono kifuani. Kwenye kona ya skrini tarehe ilionekana wazi, 30/12/2016, na macho ya Eyasu yaliipita mara kumi bila kujikwaa. Angejikwaa vipi? Ilikuwa tarehe ya kweli, karibu sawa na ile ya ukutani, na kila mtu katika mtaa ule aliishi ndani yake.

Nyekundu.

"Basi," alisema Eyasu akivua miwani. "Tufute kila kitu, tuanze mashine upya kabisa."

"Na kitabu?"

"Kipo kwenye flashi."

"Flashi ndiyo mgonjwa, Eyasu! Ukifuta hapa, na kule kikaliwa, nitamwambia nini yule mzee?"

"Mwambie aandike kingine," alisema Debritu kutoka mlangoni, kisha akajuta mara moja, kwa sababu Gashe Abeje mwenyewe alikuwa amefika, fimbo mbele, nywele zikiwa bado zimelowa. Alikuwa ametoka kuoga mtoni kuomba uponyaji, kama watu wengi wafanyavyo siku za Pagume, na alikuwa ameyaosha macho yake mara saba.

Wote wakainuka. Alielekezwa kwenye kiti, akapewa kikombe, akakipuliza kwa utulivu.

"Nimesikia," alisema. "Kuandika kingine sitaweza, Debritu, labda wewe uniazime macho yako."

"Nisamehe, Gashe. Mdomo wangu huu!"

"Mdomo wako una mikono inayopika kahawa nzuri. Yeshi, mwanangu, mashine inasemaje?"

Yeshimebet akafungua daftari. "Inasema kosa namba elfu moja na..."

"Hapana. Mimi sikuwahi kusahihisha mtihani kwa kusoma namba ya mwanafunzi. Haina maneno?"

"Yapo, chini yake. Kiingereza, kwa herufi ndogo ndogo."

"Na umeyasoma?"

Yeshimebet akalifunga daftari. Eyasu akaangalia viatu vyake.

"Miaka thelathini na nane nimefundisha Kiingereza katika mji huu," alisema mzee, "na hakuna hata mmoja aliyesoma maneno. Haya. Nisomee polepole, kama zamani, ukiwa dawati la tatu."

Akamsomea. Alikwama kwenye maneno mawili, akayataja herufi kwa herufi, na mzee akayakamilisha. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Yanasema hivi: hati ya usalama ya mwenye programu bado haijaanza kutumika. Bado, Yeshi. Haijaharibika wala haijaisha. Itaanza lini? Lazima wameandika."

"Wameandika... mwezi wa tatu, 2024."

"Na mashine inasema leo ni lini?"

"Leo ni..." Yeshimebet alitazama kona ya skrini. Akatazama kalenda ukutani. Akashika mdomo kwa mikono miwili. "Yesu wangu. 2016. Mimi ndiye niliyeiambia. Kila asubuhi, kwa mkono wangu!"

"Kwetu ni 2016," alisema mzee, "na kwao waliotengeneza mashine ni 2024. Umeiweka miaka minane nyuma, halafu unaileta mbele ya hati iliyoandikwa juzi. Nayo inasema kwa adabu kabisa: mama, hati hii haijazaliwa."

Debritu alicheka mpaka akamwaga maji ya kikombe cha pili. Eyasu alitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha kimya kimya. Simu ilikuwa inajua siku zote: Septemba saba, 2024.

"Miaka minne ya chuo, Eyasu!" alisema Debritu.

"Na wewe ulijua?"

"Mimi nakaanga kahawa. Sikuvaa miwani ya jua nikajiita fundi."

Yeshimebet alikuwa ameshaketi. Akaandika mwaka wa wageni, mwezi wa wageni, na hata saa ya wageni, ambayo huianza siku usiku wa manane badala ya alfajiri. Akabonyeza kujaribu tena. Duara dogo likazunguka, likazunguka. Hakuna aliyenywa kitu.

Kijani.

Yeshimebet aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa skrini na kutoa pumzi ndefu, na Gashe Abeje, ambaye hakuwa ameona rangi yoyote, akasema, "Ahaa," kwa sababu aliisikia pumzi hiyo.

Kazi ilikuwa haijaisha. Mashine ilikokota orodha mpya ya virusi kupitia simu kwa karibu saa nzima, huku Debritu akiongeza makaa. Kisha ilianza kuipekua flashi, ikakuta wadudu kumi na mmoja, ikawatoa mmoja mmoja. Yeshimebet alikifungua kitabu kwa hofu na kupitia sura zote, picha zote, mpaka ile ya mwisho, ya darasa la kwanza lililosomea chini ya paa la nyasi. Hakuna kilichokosekana. Kikombe cha tatu, kile cha baraka, walikinywa wakiwa wamesimama, na saa sita kasoro dakika kumi flashi ilikuwa mkononi mwa Simachew, imefungwa ndani ya leso.

"Usiichomeke popote," alimwambia.

"Etiye, gari langu halina hata redio."

Jioni mpiga chapa alituma ujumbe wa maneno mawili: imefika, safi.

Tangu siku ile kuna karatasi imebandikwa juu ya skrini, kwa maandishi ya Yeshimebet mwenyewe: *Mashine, tarehe ya kwao. Barua, tarehe ya kwetu.* Bado husimama mbele ya kalenda kila asubuhi, ila sasa husoma pia ile namba ndogo ya wageni iliyo pembeni, ambayo ilikuwepo miaka yote. Wiki ya kwanza alisahau mara moja, na bibi mmoja akarudishwa kutoka ofisi ya kata na hati ya shamba yenye mwaka ambao karani alisema haujafika. Alimchapia nyingine bure na kumwomba radhi. Betri ndogo aliletewa na Eyasu, aliyekuja kuiweka bila miwani.

Leo ni tarehe kumi na sita ya Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, mkesha wa Meskel. Kuni za moto mkubwa zimesimamishwa uwanjani na maua ya njano yamefungwa juu yake. Mbele ya duka la Yeshimebet wamejaa watu wazima wenye mvi, waliokuja kutoka mbali, na wanagombea benchi kama watoto wa darasa la nne. Gashe Abeje ameketi katikati yao, amevaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi, kiti chake kimegeuzwa kuelekea barabara ya Addis ili mwanga umwangukie upande wa jicho zuri.

Simachew amepiga simu. Ameshavuka daraja la mto Abay, anapandisha kuelekea Dejen, na ana maboksi manne ya vitabu.

"Jalada lina rangi gani?" mzee anauliza kwa mara ya tatu.

"Utaona mwenyewe, Gashe," anajibu Yeshimebet, na kwa mara nyingine anatoka hadi ukingoni mwa barabara kutazama.