Bibi wa Kalenda

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa nasafisha kliniki ya daktari mmoja pale Sparkhill, ugenini kwa Wazungu. Mawakala wa kampuni za dawa walimletea zawadi kila mara: kalamu, visahani vya majivu, kalenda. Kalenda moja akanigawia. Niliitundika sebuleni juu ya redio, kama tulivyozoea kwetu Unguja kutundika kalenda za madukani, hata mwaka ukiisha, maadamu picha ni nzuri.

Upande mmoja bibi wa Kizungu amejikunja nyuma ya mafagio yaliyosimama kama nondo za jela. Upande wa pili ufagio uko mkononi, midomo imepakwa rangi, anacheka, na mumewe yuko mezani anasubiri nyama. Chini jina moja tu, herufi kubwa. Tukajua ni sabuni. Wageni waliniuliza inauzwa duka gani.

Wazazi walipokufa niliacha shule ili niwalee wadogo zangu wawili, nikaapa wao watasoma. Wa kiume alishindwa, akaingia kiwanda cha magari Longbridge. Wa kike ndiye aliyebaki kunipa tumaini. Kutwa aliuza nguo, jioni alikuwa darasani akijiandaa kwa mtihani wa uhasibu. Akirudi alipika, akafua, akapiga pasi mashati ya kaka yake, maana mimi nilikuwa na kazi mbili.

Msimu ule wa baridi mdogo wangu akaanza kulia. Hali chakula, halali usingizi. Nikampeleka kwa daktari wangu.

Daktari alitaka kujua jambo moja: ana mchumba? Hana. Basi masomo yamemzidi msichana, ayaache, atulie nyumbani, ameze vidonge hivi.

"Labda kweli, dada," akaniambia tukiwa njiani. "Nitaacha."

Duka la dawa wakatupatia kichupa. Nikasoma jina. Nililijua, nilikuwa nikilipangusa vumbi kila Jumamosi.

Nyumbani tukasimama mbele ya kalenda. Kaka yake naye akaja, buti za kiwandani miguuni.

"Kumbe ukimeza unacheka, na wali unaiva mapema? Mpe, dada, mpe!"

"Meza wewe," nikamwambia, "tuone kama utaosha masufuria."

"Mimi mwanamume. Vyangu vitakuwa vingine."

Alisema kweli. Kwenye matangazo ya dawa katika magazeti ya daktari, mwanamume mwenye huzuni akimeza anarudi ofisini. Mwanamke anarudi kwenye sinki. Sijapata kuona kidonge chenye akili kama kile: kikifika tumboni kinauliza kwanza, huyu bwana au bibi?

Sisemi dawa hazina kazi. Nimeona watu walioumwa kweli wakasimama tena. Lakini nilimuuliza mdogo wangu analilia nini.

"Nikimaliza pasi, dada, nyumba nzima mmelala. Na kitabu sijafungua."

Basi wenye dawa waliona sawasawa kinachomfunga yule bibi. Ila badala ya kuyaondoa mafagio, walimtafutia kidonge cha kuyapenda.

Pasi nikamkabidhi kaka yake. Alinuna, akaunguza shati, akaenda nalo Longbridge lina alama mgongoni, wenzake wakamcheka. Kichupa kilibaki kabatini hakijafunguliwa. Mdogo wangu alianza kulala, akaanza kula, na siku ya mtihani nilimsindikiza mpaka mlangoni. Alifaulu.

Kalenda niliihamishia juu ya meza ya pasi. Wageni hawakuacha kuulizia ile sabuni.

"Haipatikani tena," kaka yake aliwajibu, jasho likimtoka. "Nimewekwa mimi badala yake."